Wimbo Uliopotezewa Mhina

Kila asubuhi, kabla kengele ya shule ya misheni pale Korogwe haijalia, Yuditha alifagia uwanja huku akiimba. Ufagio wake ulikuwa mvivu. Sauti yake haikujua uvivu. Siku hizo alikuwa na wimbo mpya, alioupata Mashewa alipokwenda kumsalimu shangazi yake:

*Mto umejaa, Bwana, nivushe;*
*mwanangu Mhina umemvusha.*

Mwalimu Stefano alipita, akasimama kusikiliza.

"Nani katunga huo?"

"Mimi, Mwalimu."

Jibu lilimponyoka, na lilipokwisha kutoka likagoma kurudi. Ili uongo ukae vizuri, Yuditha akamwondoa huyo Mhina asiyemjua, akajiweka mwenyewe: *Mimi Yuditha umenivusha.*

Mwalimu akawafundisha waimbaji wote wimbo huo kwa ajili ya sikukuu ya mavuno.

"Mtunzi mkuu," Ernesti wa darasa lake alimtania, "tutungie na wa makande, huenda yataiva mapema."

Yuditha alicheka, shingo imemrefuka kama ya twiga. Shingo hiyo ilifupika ghafla siku Mwalimu aliposema, "Wakristo wa Mashewa watakuja kusali nasi. Hata Bibi Raheli, yule mama wa nyimbo."

Tangu hapo Yuditha aliomba koo limuume. Alikunywa maji ya baridi, akapiga kelele mtoni. Wapi! Koo lilizidi kuwa zima.

Siku ya sikukuu watu walileta mazao mbele ya madhabahu. Kama ilivyokuwa desturi yao, aliyeleta mavuno ya mbegu ya kupewa alimtaja aliyempa. "Maharage haya ni ya Mama Serafina wa Kwashemshi," alisema mmoja, na Mama Serafina akainamisha kichwa kwa furaha.

"Sasa," Mwalimu akasema, "wimbo wa mtoto wetu Yuditha."

Waimbaji wakaanza. Kwenye benchi la wageni Bibi Raheli akatabasamu, akaimba pamoja nao. Walipofika kwenye jina, waimbaji wote wakasema Yuditha. Bibi peke yake akasema Mhina. Sauti yake ikabaki imening'inia hewani. Akajifunika mdomo kwa kanga.

Yuditha hakuweza kumaliza. Uso ulimwaka kama aliyeinamia jiko. Wimbo ulipokwisha alimwendea bibi, akapiga magoti.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Kumbe wewe ndiye uliyevushwa?" Bibi alimtazama. "Mbona mzima? Mwanangu Mhina alikufa kwa homa. Wimbo huu nilimtungia yeye."

"Nilikuibia, bibi."

"Wimbo hukuniibia. Niliutoa bure. Hata Handeni wanauimba, sijamnyima mtu. Lakini mwanangu hana kitu kingine duniani ila jina lake mle ndani, nawe umemtoa."

Yuditha alitamani ardhi ipasuke. Haikupasuka. Basi akasimama, akawageukia watu waliomsifu, akasema, "Sikutunga mimi. Ni wimbo wa Bibi Raheli wa Mashewa. Mhina ni mwanawe. Nilidanganya."

Aliyeinamisha kichwa safari hii ni Mwalimu Stefano.

"Hata mimi nina kosa, nilishangilia bila kuuliza," alisema. "Leo tumemtaja aliyetupa maharage, tukamsahau aliyetupa wimbo. Watoto, kitu cha bure nacho kina mwenyewe. Ukipewa wimbo, uimbe, ufundishe, upeleke utakako. Ila usikate maneno yake bila ruhusa, wala usifiche jina la mtunzi. Bibi, utaturuhusu tuuimbe tena?"

"Imbeni," alisema Bibi Raheli. "Na mwanangu awemo."

Wakauimba. Safari hii sauti ya bibi haikubaki peke yake.

"Afadhali," Ernesti alimnong'oneza Yuditha walipotoka. "Nilishaanza kukuandalia matanga."

Yuditha hakucheka. Kesho yake alifagia kimya, hata Mwalimu akashangaa.

"Wimbo umekwisha?"

"Haujaisha, Mwalimu." Akashusha ufagio. "Huu ni wa Bibi Raheli wa Mashewa," alisema kwanza. Kisha akaanza kuimba.