Kadi Tano za Babu

Babu alifariki siku ya Jumanne asubuhi, mezani, kalamu ikiwa mkononi. Mimi nilikuwa nafunga viatu vya shule. Nilisikia kiti kikisogea, kisha bibi akamwita mara mbili kwa sauti ya kila siku. Mara ya tatu sauti ilikuwa nyingine.

Alikuwa mwalimu mstaafu wa Kiingereza, na kila asubuhi aliandika kadi. Juu aliweka kitenzi cha Kiingereza, chini yake maana kwa Kiswahili, kisha sentensi moja ya mfano kwa lugha hiyohiyo. Sharti lake lilikuwa moja: sentensi iwe imetoka kinywani mwa mtu kweli, na jina la mtu huyo liandikwe kwenye kona. Kila Jumatatu kadi tano zilibandikwa kwenye ukuta wa shule, na watu wazima waliopita walisimama kutafuta majina yao. Muuza magazeti alikuwa na kadi tatu, akijivunia kama mtu mwenye nyumba tatu.

Mezani tulikuta kadi tano ambazo hakuzimaliza. Zote zilihusu mambo ya kubuni na kupanga. Babu alipenda kusema kwamba vitenzi hivyo ni ndugu wa tumbo moja, ila tabia mbalimbali. “Invent” ni kuvumbua kitu ambacho hakikuwepo. “Devise” ni kukaa ukafikiri mpaka ukapata njia. “Contrive” ni kujitafutia mbinu kwa vichache ulivyonavyo. “Concoct” ni kupika maneno, kama kisingizio cha mtoro. Na “scheme” ni kumpangia mtu njama kwa siri. Vitenzi na maana alikuwa ameshaandika. Sentensi, bado.

Mwalimu wangu wa darasa alikuja kutupa pole, akaniuliza kama ningeweza kuzimalizia. Nilikubali. Nilikuwa na siku kumi za kuwasikiliza watu. Lakini kila nilipotoka na daftari, watu walinipa pole tu, nikarudi ndani. Jumapili ya mwisho kadi zilikuwa vilevile. Nikakaa kwenye kiti cha babu, nikatunga sentensi tano kichwani mwangu, nikazigawia majirani. Mwandiko haukunisumbua. Babu ndiye aliyenifundisha kuandika, na herufi zangu zimefanana na zake.

Kwenye kadi ya “scheme” niliandika: “Mwenzangu ananipangia njama aniondoe dukani.” Kwenye kona nikaandika: Bi Mkasi.

Bi Mkasi na Bi Sindano walikuwa mafundi wa nguo, mtaa wa pili kutoka kwetu. Mmoja alikata, mwingine alishona, chumba kimoja, miaka kumi na sita. Walitaniana kutwa. Bi Sindano aliwaambia wateja kwamba mwenzake akiachiwa shuka atalikata mpaka liwe leso. Bi Mkasi alijibu kwamba heri leso kuliko suruali yenye mguu mmoja mrefu. Ndiyo maana nikawachagua wao. Nilidhani watu watacheka.

Jumatatu kadi zilibandikwa, na siku hiyohiyo Bi Sindano alikuja shuleni kupima wanafunzi waliobaki kwenye orodha ya sare mpya. Alipima tisa. Akimsubiri wa kumi, alisogea ukutani kusoma. Niliona midomo yake ikitembea, kisha ikasimama. Aliuviringisha utepe wa kupimia kidoleni, polepole, akautia mfukoni. Alimwambia mwalimu amekumbuka jambo, akaondoka. Jioni nilimwona akisukuma mkokoteni, cherehani yake ikiwa juu. Bi Mkasi alikuwa amesimama mlangoni na mkasi mkononi.

Siku mbili nilikwenda shule kwa njia ya nyuma. Nilitaka kuibandua ile kadi, lakini kila nilipoukaribia ukuta kulikuwa na mtu anasoma.

Jumatano alasiri Bi Mkasi alikuja kwetu. Nilikuwa nafua nyuma ya nyumba, na dirisha lilikuwa wazi. Nilimsikia akimweleza bibi kwamba mwenzake hamfungulii mlango, amemwambia tu akasome ukuta wa shule. Amekwenda, amesoma. Sare za watoto arobaini ziko mezani, zimekatwa hazina wa kuzishona, na shule imesema Ijumaa itatafuta fundi mwingine.

“Mama, mimi sikusema maneno yale,” alisema. “Labda Mwalimu alinisikia vibaya. Au alinizulia. Sijui. Marehemu haulizwi.”

Kisha bibi akasema, “Mume wangu hakuwa mzushi.”

“Mwandiko ni wake, mama.”

Mikono yangu ilikuwa ndani ya povu. Nilielewa kwamba nikinyamaza nimepona. Babu asingeweza kukana. Angelala na jina la mzushi, na mtaa mzima ungemwita hivyo. Niliingia ndani, maji yakinidondoka sakafuni.

“Mwandiko ni wangu,” nilisema. “Sentensi zote tano ni zangu. Babu aliniachia kadi tupu.”

Bibi alifumba macho. Bi Mkasi alinitazama mpaka nikainama. Hakunipiga wala hakunitukana.

“Vaa viatu,” alisema.

Tulikwenda watatu. Bi Sindano alifungua mlango nusu, akaushika. Nilisema yote palepale nje, na watu wawili waliokuwa wanapita wakapunguza mwendo.

“Kwa nini mimi?” aliniuliza.

“Nilikuwa na haraka. Na nyinyi mnataniana.”

“Utani ni wetu. Wewe tulikupa lini?”

Alimgeukia Bi Mkasi, akamwambia kwamba tangu Jumatatu hajapata usingizi, anajiuliza amemkosea nini.

“Miaka kumi na sita, mwenzangu,” Bi Mkasi alisema, “na bado unakwenda kuuliza ukuta.”

Bi Sindano alicheka kidogo, kisha akalia, akaufungua mlango wote.

Njiani kurudi, tulipokaribia nyumbani, bibi akasimama.

“Anayebuni na anayezua wote wanatumia akili ileile,” alisema. “Wote wanaleta kitu ambacho hakikuwepo. Tofauti iko kwa anayebeba mzigo. Ukibuni kitu, unakibeba mwenyewe na kuweka jina lako. Ukizua, unamtwika mwingine. Umewatwika watu wawili, na wa tatu, babu yako, hawezi hata kuutua. Ungeshindwa kazi ukasema umeshindwa, tungekusaidia.”

Kesho yake nilizibandua kadi zote tano mbele ya darasa langu, nikaeleza sababu. Cherehani ilirudi kwa mkokoteni uleule, na mwalimu mkuu akakubali kuzisubiri sare wiki moja zaidi. Bi Sindano alikuja kuwapima waliobaki, mimi nikiwa wa mwisho.

Tangu hapo nimesikiliza. Kadi nne nimeziandika upya, na kila mwenye sentensi ameisoma kabla haijabandikwa. Kadi ya “scheme” bado haina sentensi.