Wosia wa Penseli

Kila Jumamosi, akishamaliza kuokota korosho, Katarina wa darasa la sita alimsomea bibi yake karatasi zote zilizoletwa nyumbani. Bibi Fortunata wa Njinjo hakujua kusoma, na Katarina alijivunia kazi hiyo.

Jumamosi moja Bibi alimtamkia wosia. "Andika: mikorosho ya bondeni ni ya Devota, maana ndiye anayeniuguza."

Katarina akaandika kwa penseli. Kesho yake Shangazi Devota alimwita mvivu mbele ya wenzake. Kwa hasira, Katarina akafuta "Devota", akaandika "Severini", jina la baba yake.

Wiki iliyofuata akaja Mama Shamimu, msaidizi wa kisheria wa kijiji, kuuangalia wosia.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Hebu tusomee, mwanangu."

Devota alikuwa amepiga magoti, akimkanda Bibi miguu. Katarina akasoma: "Mikorosho ya bondeni ni ya Severini."

Mikono ya Devota ikasimama.

"Nilisema hivyo mimi?" Bibi akauliza.

Mama Shamimu akaielekeza karatasi kwenye mwanga. Alama za herufi za mwanzo zilikuwa bado zimezama. "Hapa palikuwa na jina jingine."

"Nilifuta mimi," Katarina akasema, macho chini. "Shangazi aliniita mvivu."

"Ndiyo uninyang'anye shamba?" Devota akasema. "Na hata kufuta umefuta kivivu!"

Hakuna aliyecheka.

"Hata usingefuta, huu haukuwa wosia," Mama Shamimu akasema. "Kwa sheria ya mila, wosia huandikwa kwa wino na kuwekwa tarehe. Asiyejua kusoma huweka dole gumba mbele ya mashahidi wanne waliokaa pamoja, wawili wa ukoo na wawili wa nje. Mrithi hawi shahidi."

Alasiri mashahidi wakakusanyika. Devota akatoka nje. Mama Shamimu alipomaliza kuandika, Katarina akanyoosha mkono aupokee wosia ausome, kama alivyozoea.

"Asome Jonas," Bibi akasema.

Mkono wa Katarina ukarudi mapajani. Jirani yao Jonas akasoma, Bibi akaitikia kila neno, kisha akaweka dole gumba.

Mama Shamimu akamvuta Katarina kando. "Bibi yako aliazima macho yako, nawe ukamdanganya. Ukimwandikia mtu, andika alichosema, hata kama kinakuuma. Wosia tumeurekebisha kwa siku moja; kuaminiwa kutakuchukua muda mrefu zaidi. Anza na shangazi yako. Yuko nje."

Katarina akatoka kumfuata.