Alhamisi ya Kyoto

"Muangalie gare yabo ya train kule Kyoto," Kabeya alisema, akielekeza simu yake kwenye televisheni ili picha inayofuata itokee. "Kioo na chuma mupaka juu. Unatoka mu train yenye inakimbia sawa risasi, unapanda escalier, ngazi yenye inatembea yenyewe, na mbele yako kuko maman wa kimono, viatu vya mbao, anaangalia téléphone. Ya zamani na ya leo mu muntu moja."

Sebule nzima ikacheka. Ilikuwa Jumapili baada ya ibada, nyumbani kwa tonton Jean-Baptiste kule Anderlecht, Ulaya, na mezani bado kulikuwa na fufu, sombe na samaki wa kukaanga. Tonton, yaani mjomba, ndiye aliyemlea Gracieuse, mchumba wa Kabeya, tangu walipotoka kwao Bukavu. Siku hiyo alikuwa amemwalika Maman Berthe, mama mzazi wa Kabeya, ili familia mbili zikubaliane tarehe ya ndoa. Lakini wachumba ndio kwanza walikuwa wametoka Japani, na kila mtu alitaka kuona picha kabla ya maneno mazito.

Kabeya alijua kusimulia. Kijana yule wa Likasi angeweza kukuuzia mvua wakati wa masika. Alionyesha hekalu la dhahabu juu ya maji, halafu mashine ya kuuza kahawa iliyosimama kwenye ukuta wa hekalu jingine, halafu mtaa wa nyumba za mbao wenye taa za karatasi na nyaya za umeme juu yake. Gracieuse alikaa kando yake, mkono wake ndani ya mkono wa mchumba wake, akitabasamu. Picha nyingi alizipiga yeye mwenyewe.

Kisha ikatokea picha ambayo hakuipiga yeye.

Kabeya alikuwa amevaa kimono ya kukodi, ya bluu iliyokoza, amesimama katikati ya milango myekundu ya mbao iliyopangwa mmoja nyuma ya mwingine hadi juu ya kilima. Meno yote nje.

"Aa, hapa mutoto yangu amekuwa mfalme," Maman Berthe alisema.

Gracieuse aliitazama picha ile. Alijaribu kukumbuka, akashindwa.

"Hii ni siku gani?" aliuliza.

"Ipi?"

"Hii ya kimono. Mi sikukuwa pale."

"Jeudi, nafikiri. Ile siku tumbo ilikuwa inakusumbua." Kabeya akageukia wageni. "Donc, hii milango, batu ya biashara njo banaitoleaka kwa hekalu, ili baraka—"

Gracieuse hakuyasikia mengine. Alhamisi. Mkono wake ulikuwa bado ndani ya mkono wa Kabeya, na kwa mara ya kwanza tangu amjue aliusikia mkono ule kuwa una jasho.

Kuna jambo ambalo watu wa sebuleni hawakulijua. Gracieuse alipanda ndege kwenda Japani akiwa na mimba ya miezi miwili. Walijua wawili tu, yeye na Kabeya, nao walikuwa wamepatana kunyamaza mpaka tarehe ya ndoa ipangwe, kwa sababu tonton ni mtu wa kanisa na asingependa. Alhamisi ile asubuhi, katika nyumba ndogo ya wageni mjini Kyoto, aliamka godoro limelowa damu.

"Lala," Kabeya alimwambia akivaa viatu. "Natafuta dawa, na docteur mwenye anasema français. Nakuya mbio."

Hakurudi mbio. Aliyemkuta Gracieuse ameanguka sakafuni ni bibi mwenye nyumba, mwanamke mfupi wa mvi asiyejua neno la Kifaransa. Alimfunga shuka kiunoni, akamwita teksi, akaingia naye, akamshika kichwa njia nzima. Hospitalini daktari aliongea Kijapani kwenye simu ya yule bibi, na simu ikatafsiri kwa sauti ya mashine, taratibu, kama inayotangaza treni: moyo wa mtoto hausikiki tena. Hivyo ndivyo Gracieuse alivyopata habari, kutoka kwa simu, bibi mgeni akimfuta jasho.

Jioni Kabeya alirudi akilia. Alisema amezunguka mji mzima, maduka ya dawa yamefungwa, watu hawamwelewi, simu imezima. Alilia mpaka Gracieuse, aliyekuwa hajaweza hata kukaa vizuri, akamwegemeza kifuani na kumbembeleza.

"Haina kosa yako," alimwambia. "Ulijaribu."

Sasa kwenye televisheni ya tonton picha ziliendelea kupita. Kabeya akila. Bakuli kubwa la supu ya tambi, yai limekatwa katikati, mvuke, na yeye ameinua vijiti viwili kama anayempungia mtu. Kimono ile ile ya bluu.

Gracieuse alichomoa mkono wake, akachukua simu yake na kutafuta ujumbe wa siku ile. Ulikuwepo.

"Bébé vumilia. Pharmacie zote zimefungwa. Nauliza hata polisi. Nakupenda."

"Kabeya," alisema bila kupandisha sauti. "Hii supu uliikula mbele ya kuniandikia, ao nyuma?"

"Supu gani tena?"

"Hii tunaangalia."

Kabeya alicheka kidogo, akitazama wageni ili nao wacheke. Michelle, binti wa tonton, aliyekuwa akikusanya sahani, alisimama nazo mkononi.

"Gracieuse, njala haina dhambi," Kabeya alisema. "Nilitafuta, nikachoka, nikakula. Alors?"

"Na kimono? Ulivaa kimono ili ba-pharmacie bakusikilize?"

"Tutaongea ku nyumba."

"Jeudi kulikuwa nini?" Maman Berthe aliuliza. Alikuwa ameacha kutabasamu.

Kabla ya mtu kumjibu, televisheni ikajibu. Baada ya picha ilifuata video, nayo ikaanza kucheza yenyewe. Uso wa Kabeya ukajaa kioo chote, milango myekundu nyuma yake, sauti yake ikijaza sebule.

"Joël, ndugu yangu, uko unaona? Niko Kyoto. Madame nimemuacha analala ku hoteli, anasikia vibaya, anataka nikae naye. Mi siwezi kuvuka dunia muzima ju ya kuchunga mulango ya chambre." Akacheka ndani ya video. "Nimemuambia natafuta dawa. Angalia mahali iko muzuri hivi, franchement."

Kabeya aliigonga simu yake kwa kidole mara nyingi mpaka televisheni ikawa nyeusi. Lakini maneno yalikwisha toka, na maneno hayarudi mdomoni.

Nje, mtoto wa jirani alikuwa akipiga mpira ukutani.

"Maman," Gracieuse alimgeukia Maman Berthe, "jeudi nilipoteza mimba. Yenye ilikuwa ya Kabeya. Nilikuwa peke yangu na maman moja Mujaponais, hata jina yake sikuijua vizuri. Kabeya alikuwa pale." Alionyesha kioo cheusi.

"Mimba gani?" tonton Jean-Baptiste aliuliza. "Bila ndoa? Mu nyumba yangu?"

"Papa Jean-Baptiste," Maman Berthe alisema, "ngojea kwanza."

Gracieuse aliinuka kwenda jikoni. Alifungua bomba la maji. Kazi yake ilikuwa kuwahudumia wazee katika nyumba moja ya wazee kule Ganshoren. Aliwaosha, aliwabadilisha, aliwafuta matapishi, na wenzake walimshangaa kwamba hana kinyaa. Mwili wa binadamu haukuwahi kumchukiza. Sasa alisimama akiosha mkono ule uliokuwa umeshikwa, akatia sabuni, akauosha tena.

Kabeya alimfuata. Akafunga mlango nyuma yake.

"Unaniharibisha mbele ya mama yangu."

"Ni hiyo njo inakuumiza?"

"Gracieuse, sikiliza. Mi naogopa damu. Nilipoona ile damu, kichwa ilizunguka. Ningefanya nini? Mi si docteur. Mutoto alikuwa anaisha kwenda."

"Ulijua wapi kama anaisha kwenda? Mi mwenyewe sikukuwa najua. Ulikuwa unacheka na Joël."

"Ilikuwa masolo tu, maneno ya kucheka. Ya banaume."

"Kama ungeniambia jioni ile, 'Gracieuse, nilikimbia, niliogopa damu,' ningekusamehe. Haki ya Mungu, ningekusamehe. Batu banaogopa. Ku kazi naona batoto bakubwa wanashindwa kuingia mu chambre ya mama yabo mwenye anakufa. Banasimama inje mu couloir, banalia. Mais habaendi kuvaa kimono."

Kabeya akasogea. Alikuwa na macho mazuri, na alijua kuyatumia.

"Bébé, tuko vijana. Tutapata ingine."

Ingine. Kama sahani imevunjika. Kabeya alinyoosha mkono amshike shavu, na mwili wa Gracieuse ukarudi nyuma wenyewe, kabla hajaamua, kama mtu aliyekanyaga kitu kilichooza gizani.

"Usinishike."

"Sasa unaniona nani? Muchafu?"

"Ndiyo," alisema. "Nakuona muchafu."

Machozi yakaanza kumtoka Kabeya, yale yale ya Kyoto. Gracieuse aliyatazama yakiteremka na moyo wake haukusogea.

"Ile jioni ulilia hivi hivi," alisema. "Kwa kifua yangu. Mi nilikuwa natoka damu na nilikufuta machozi. Niambie ukweli moja tu, Kabeya. Ulikuwa unalilia nini?"

Kabeya alijipangusa pua kwa mkono wa shati.

"Niliogopa."

"Uliogopa nini? Mutoto alikuwa anaisha kufa."

"Niliogopa utajua."

Hapo ndipo mapenzi ya Gracieuse yalipokwisha. Hakulia. Alichukua kitambaa, akakausha mikono yake, akafungua mlango.

Sebuleni tonton Jean-Baptiste alikuwa amesimama, mikono nyuma, akitembea kati ya televisheni na dirisha.

"Bon," alisema alipowaona. "Ni mambo ya haya, mais imepita. Bibi na bwana banakoseanaka. Kabeya ataomba pardon mbele ya familia, na tunarudilia mazungumuzo ya tarehe. Maneno ya nyumba biishe mu nyumba."

"Tonton," Gracieuse alisema, "haitakuwa na tarehe."

"We binti, unajua batu watasema nini ku kanisa? Mimba, alafu hata ndoa hakuna?"

Maman Berthe ndiye aliyejibu. Mwanamke yule alikuwa mpole, hata kwenye ibada huimba kwa sauti ya chini. Alisimama akafunga kitenge chake vizuri kiunoni.

"Papa Jean-Baptiste, tarehe gani? Leo nimeambiwa mujukuu yangu alikufa, na nimeambiwa na télévision. Mi niko mama ya huyu. Nimemuzaa, nimemulisha. Mais sitalazimisha mutoto ya batu aolewe naye kwa nguvu." Akamgeukia mwanawe. "Chukua manteau yako, tunaenda."

"Maman, hata we?"

"Chukua manteau."

Mama na mwanawe waliondoka bila kula kitindamlo. Michelle alikaa kando ya Gracieuse kwenye kochi, akaweka kichwa begani kwake.

"Ungeniambia, yaya," alisema, akimwita dada mkubwa. "Ningekuya hata Japon kwa miguu."

"Nilikuwa na haya."

"Haya ni ya ule mwenye alikula supu."

Tonton aliwasikia. Akazunguka tena mara mbili, akaketi, akaminya magoti yake. Ilimchukua muda mzee yule.

"Bado unaumwa?" aliuliza mwishowe, bila kumtazama.

"Kidogo, tonton."

"Basi kesho usiende ku kazi. Michelle atakupeleka ku docteur."

Kabeya hakukata tamaa upesi. Ujumbe uliingia kila asubuhi. "Nimekosa." "Nimefuta video." "Hata Joël anasema uko unazidisha." "Mapendo ya kweli inasamehe." Gracieuse aliusoma wote wiki ya kwanza, na kila aliposoma alitaka kunawa mikono. Wiki ya pili alipiga simu mwenyewe, mara moja.

"Nilijua utapiga," Kabeya alisema, sauti imejaa furaha.

"Napiga ili usikie kwa kinywa yangu. Sina kasirani tena. Kasirani ingeisha, ningerudi. Ile niko nayo ni kinyaa, Kabeya, na hiyo haiishi na pardon. Nikisikia sauti yako tu, nafikiri ile chambre. Usiniandikie tena."

"Kinyaa? Ya mi, mwenye ulikuwa unapenda?"

"Ya we."

Akakata, akaizuia namba yake.

Mwezi uliofuata, akitoka kazini Ganshoren, alimkuta Maman Berthe kwenye kituo cha basi, amekaa na mfuko wake magotini. Gracieuse alisimama mbali. Alidhani ametumwa na Kabeya.

"Si yeye mwenye ananituma," Maman Berthe alisema. "Hata hajui niko hapa. Kaa kidogo, mutoto yangu."

Akakaa. Basi moja likaja, likaenda.

"Nataka kukuuliza kintu moja, na kama haupendi, usinijibu. Ungemuzaa mwezi gani?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo, si daktari, si tonton, si Kabeya. Gracieuse akamgeukia.

"Novembre," alisema.

"Novembre," Maman Berthe akarudia. "Kungekuwa baridi. Ningemufumia bonnet ya kichwa."

Hapo Gracieuse akalia, kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi ile, kwa sauti, mbele za watu waliokuwa wakisubiri basi. Maman Berthe hakumwambia anyamaze. Alimvuta karibu, naye akalia pia, wanawake wawili kwenye benchi la Ganshoren, wakimlilia mtoto yule.