Mjomba wa Kwenye Simu

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Sindano alikuwa na kazi ambayo hakuna mwingine nyumbani aliyeruhusiwa kuifanya. Alivuta kigoda, akaketi kando ya cherehani ya bibi yake, akatunga uzi kwenye sindano za mkono za kutosha siku nzima, kisha akazichomeka kwenye kimto kidogo. Huko ndiko lilikotoka jina lake. Jina la shule alikuwa nalo, lakini mpaka mwalimu wa zamu alishalisahau.

Bibi alikuwa fundi wa nguo. Alishonea nyumbani, kwenye chumba cha mbele chenye dirisha la barabarani, meza ya kukatia na kioo kirefu ambacho wateja walijitazama wakiwa wamevuta matumbo ndani. Mikono yake bado iliijua kazi. Macho ndiyo yaliyomgomea. Mtoto wa jicho alikuwa ameyafunika yote mawili, na bibi aliiona dunia kama mtu anayechungulia nyuma ya pazia jeupe. Karibuni alikuwa amemshonea mzee mmoja shati jeusi kwa uzi wa bluu, na yule mzee, kwa kumheshimu, alilivaa hivyo hivyo bila neno.

Habari njema ni kwamba madaktari wa macho walikuwa wanakuja hospitali ya wilaya, na jina la bibi lilikuwa miongoni mwa watakaopasuliwa. Wangeanza na jicho la kulia, lililokuwa bovu zaidi. Wakiondoka, hawarudi hadi mwaka ujao, na daktari alikuwa amesema wazi kwamba jicho lile halina mwaka mzima wa kungoja. Habari mbaya ni kwamba bibi aliogopa kisu kuliko giza.

"Mwanangu akiniambia niende, nitakwenda," alisema kila alipoulizwa.

Mwanawe huyo alikuwa Mjomba, kaka yake Mama. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma kwenye ujenzi wa daraja, nchi ya mbali, na zamani alipiga simu kila mwisho wa juma. Kisha simu zikakatika tu, na namba yake haikupatikana tena. Mama, aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha mikate, alisema akipata nafasi ataipigia ofisi iliyompeleka Mjomba kazini, aulize. Kila jioni bibi alimnyooshea mjukuu simu yake, kwa sababu maandishi hakuyaona tena.

"Hebu angalia, mama. Mjomba wako ameandika?"

"Bado, Bibi."

"Haya."

Hiyo "haya" ilikuwa ndogo mno, na Sindano aliipeleka kitandani kila siku.

Shuleni alikaa dawati moja na Kicheko, msichana aliyejua kila kitu kabla ya walimu. Siku moja Kicheko alimweleza juu ya programu ya akili bandia iliyokuwa kwenye simu ya dada yake.

"Unaiambia iwe nani, inakuwa," alisema. "Jana ilikuwa nahodha wa meli. Juzi niliiambia iwe mbuzi, ikanilalamikia majani."

Jioni hiyo Sindano alichukua simu ya zamani ya Mama, ile iliyopasuka kioo, akajifungia chumbani. Alifungua akaunti mpya ya kutumiana ujumbe kwa jina la Mjomba na kuweka picha yake, ile aliyopandisha miwani ya kazi juu ya paji la uso. Kisha akaiandikia ile programu ya akili bandia: wewe ni kijana uliye mbali, mama yako anaogopa kupasuliwa jicho, mwandikie. Kabla hajashusha pumzi, maneno yalikuwa yameshajaa kioo. Akayanakili, akayatuma kwenye simu ya bibi, akaenda chumba cha mbele.

"Bibi, Mjomba ameandika. Amebadilisha namba."

Mkasi ulitua mezani. Sindano akasoma: "Mama yangu mpenzi, umbali hauwezi kuizima nuru ya upendo wako ndani ya moyo wangu."

Bibi alijifuta macho kwa upindo wa kitambaa alichokuwa anashona. "Rudia hapo pa nuru," alisema. Sindano akarudia. "Mwanangu kajifunza kusema huko. Zamani nilikuwa napata 'shikamoo mama, nimefika, nina njaa.' Siku hizi anaandika kama kadi ya harusi."

Nyumba ikachangamka. Bibi alishona huku akiimba, na majibu yake kwa mwanawe yalikuwa marefu hata vidole vya Sindano vikachoka kuyaandika. Mama naye alifurahi.

"Kama anaandika, basi ni mzima," alisema. "Sina haja tena ya kuisumbua ile ofisi."

Maneno hayo yalimchoma Sindano kidogo, lakini bibi alikuwa anacheka chumba cha pili, naye akajiambia kwamba jambo linalomchekesha mgonjwa haliwezi kuwa baya.

Siku moja bibi alisema, "Mwambie apige, nisikie sauti."

Sindano alipoipelekea programu maneno hayo, ilijibu palepale: "Ningependa sana, mama, ila mtandao wa huku ni dhaifu mno." Akamsomea bibi hivyo hivyo. Baadaye tu, akiosha vyombo, ndipo alipotambua kwamba hakuifundisha uongo huo. Iliutoa yenyewe, laini kabisa.

Angeacha hapo. Hakuacha. Siku ya upasuaji ilipokaribia, alikuwa na hesabu nyingi za nyumbani, akanakili ujumbe wa Mjomba na kuutuma bila kuusoma kwanza. Akausoma kwa mara ya kwanza mbele ya bibi.

"Usiogope, mama. Siku hiyo nitakuwa kando yako, nimekushika mkono mpaka…" Akaishia hapo.

"Mpaka wapi?"

"Mpaka mlango wa chumba cha upasuaji."

Bibi aliweka kazi chini. "Anakuja?"

Hapo ilikuwa rahisi kusema hapana. Lakini uso ule ulikuwa umejaa furaha kiasi kwamba Sindano aliogopa kuugusa. "Ndivyo ilivyoandikwa, Bibi," alisema. Ilikuwa kweli, na ulikuwa uongo mbaya kuliko wote aliowahi kuusema.

Bibi alikata shati la mwanawe kwa vipimo alivyovihifadhi kichwani, akalishona kwa kupapasa. Kitanda kikatandikwa shuka safi. Sindano aliiomba programu imwandikie bibi kwamba safari imeahirishwa, nayo ikaandika kwa utamu ule ule, bila hata chembe ya haya. Alijaribu kuusoma ujumbe huo kwa sauti akiwa peke yake, akashindwa. Akaufuta.

Siku yenyewe ikafika. Kwenye korido ya hospitali, bibi alikaa kwenye benchi katikati ya wagonjwa wenzake, ameshatiwa dawa ya matone machoni, shati jipya likiwa limekunjwa mapajani. Sindano alikaa karibu yake. Mama alikuwa amekwenda kituo cha mabasi kumpokea kaka yake. Muuguzi mwenye aproni ya kijani akatoka mlangoni.

"Bibi yetu fundi, zamu yako."

"Mwite anayefuata, mwanangu," alisema bibi kwa upole. "Namngoja kijana wangu. Yuko njiani."

Muuguzi akamwita anayefuata. Baadaye akamwita mwingine. Benchi likazidi kuwa wazi. Muuguzi alirudi, akainama mbele ya bibi.

"Bibi, daktari akimaliza hawa waliobaki, anafunga vifaa vyake. Kesho wanaondoka."

"Atafika. Aliahidi."

Mama aliingia akihema, peke yake. "Mabasi yote yameshaingia," alisema. "Hayumo."

"Tungoje," alisema bibi. Hakuwa na wasiwasi hata kidogo, na hilo ndilo lililomshinda Sindano. Aliteremka kwenye benchi, akapiga magoti sakafuni, akamshika bibi magoti.

"Bibi, hatakuja. Si Mjomba aliyekuwa anaandika. Ni mimi. Yaani maneno si yangu, ni ya programu ya kwenye simu. Mimi nilikuwa natuma na kukusomea. Picha nayo niliiweka mimi."

Alingoja kofi, au angalau kelele. Bibi aliuliza tu, kwa sauti ndogo, "Na mwanangu?"

"Sijui, Bibi."

"Yuko hai?"

"Sijui."

Hapo ndipo Sindano alipoona alichokifanya. Alidhani amempunguzia bibi hofu, kumbe alikuwa ameilimbikiza mahali, na sasa amemtwisha yote kwa pamoja. Akalia bila kujificha. Mama alikuwa amesimama, kiganja mdomoni.

"Na mimi nikaacha kumtafuta," alisema Mama. Akageuka, akaenda dirishani, akaipigia ile ofisi. Walimpokea, wakampeleka kwa mwingine, na huyo naye kwa mwingine. Akabembeleza, akafoka, akabembeleza tena. Mwishowe wakampa namba ya msimamizi wa daraja. Akaipiga hiyo nayo, akaongea, akangoja sana, kisha akarudi kwenye benchi, akamnyooshea bibi simu.

"Mama, ni yeye."

Bibi hakuipokea. "Hata yule wa jana mliniambia ni yeye," alisema. "Mwambie huyo mashine apumzike."

"Ni sauti yake, mama. Sikiliza."

"Nasikia siku hizi hata sauti zinaigizwa."

Mama akaiweka simu kwenye spika. "Mama?" ilisema sauti ya mwanamume. "Shikamoo, mama."

Bibi hakuitikia. Alinyoosha mgongo. "Kama ni wewe, niambie uliharibu nini siku ya kwanza nilipokuketisha kwenye cherehani."

Muuguzi alikuwa amesimama mlangoni naye, amesahau kwamba ana kazi. Kisha simu ikaanza kucheka.

"Mama, mbele za watu? Haya. Ilikuwa suruali ya tarishi wa posta. Nilikuwa nakunja upindo, nikaishona pamoja na mkono wa shati langu. Nikaogopa kukuambia, nikaja nayo mezani kula, suruali inaning'inia. Ukaniuliza nimebeba nini. Nikakujibu nasikia baridi."

Mabega ya bibi yalianza kutikisika. Alicheka mpaka kicheko kikageuka kilio, na katikati ya vyote viwili akasema, "Marahaba, mwanangu. Marahaba."

Mjomba alieleza kwamba simu yake ilimponyoka kazini, ikatumbukia kwenye zege, na sasa ni sehemu ya daraja. Namba zote zilikuwa humo, kichwani hakuwa na hata moja. Alikuwa anangoja likizo ashuke mjini, aende ofisini kuziomba.

"Unaweza kuja leo?" bibi aliuliza.

"Leo? Hapana, mama. Niko mbali mno, na likizo bado. Lakini nenda. Mimi huku naogopa kama wewe, ila nenda. Jioni nitamwomba msimamizi simu tena, nikuulize umeonaje."

Lilikuwa jibu fupi, halina 'nuru' wala 'moyo' ndani yake. Bibi alisimama nalo. Alimkabidhi Mama lile shati, akamgeukia mjukuu wake aliyekuwa bado sakafuni.

"Nimekukasirikia," alisema. "Nitakukasirikia kesho pia, na labda keshokutwa. Nipe mkono."

Wakaenda hivyo, wameshikana, mpaka mlangoni.

Bandeji ilipotolewa, bibi alikaa kitandani akipepesa jicho moja. Alimtazama Sindano kwa muda mrefu, kuanzia nywele mpaka viatu.

"Hukuniambia kama umekuwa mrefu hivi," alisema.

Sindano alifuta ile akaunti mbele yake na mbele ya Mama, kisha akaitoa simu ya zamani bila kuambiwa. Mama aliipokea na kusema ataiona tena siku atakayoota ndevu.

"Nilitaka ufurahi, Bibi," alisema Sindano.

"Nilifurahi. Ndiyo maana imeniuma." Bibi alimvuta, akamketisha karibu yake. "Sikiliza. Kitu kile kinaweza kumwandikia 'nakupenda' mama yeyote duniani, na hakimjui hata mmoja. Kikiahidi kuja, hakina miguu ya kujia wala aibu ya kutokuja. Umekitumia wewe, kwa nia njema, nikabakiza kidogo tu nipoteze jicho. Kesho atakitumia mwenye nia mbaya, na ataweka picha ya ninayempenda vile vile. Kwa hiyo anayejiita ndugu yetu kwenye simu, tutamuuliza la ndani, lile la kwetu wenyewe, na tutawauliza wenzetu kabla ya kuamini. Haijalishi maneno yake ni matamu kiasi gani. Yakiwa matamu sana, tuulize mara mbili."

"Ndiyo, Bibi."

"Na wewe, siku ukiwa huna habari ya kunipa, niambie huna. Nitaumia, sikatai. Lakini tutakaa tuumie wote wawili, hapa hapa, na mtu aliyekaa na mwenzake hivyo hajaachwa peke yake."

Sindano alilaza kichwa begani kwa bibi, na bibi, ambaye alikuwa amesema bado amekasirika, akamwacha akae hivyo hivyo.