Nilimsamehe Nikiwa Nyuma ya Pazia

Nina miaka thelathini na minne, mjane, mama wa watoto wawili, na nyumba ninayolala ndiyo iliyomuua mume wangu. Sisemi kwa mafumbo. Roshani yake ilimwangukia kichwani. Na mimi hadi leo napanda ngazi zile zile, naanika nguo kwenye dari ile ile, na mwenye nyumba akipita namwamkia kwa adabu... Nifanyeje? Niende wapi?

Mwenye nyumba si mtu baki. Ni ami yake Athmani, marehemu mume wangu. Athmani alifiwa na wazazi mapema, na Ami ndiye aliyemlea, akampeleka chuoni kusoma Kurani, akamnunulia cherehani yake ya kwanza, akamtolea hata mahari yangu. Siwezi kuwaambia kwamba Ami ni mtu mbaya. Laiti angekuwa mbaya, mambo yangekuwa mepesi!

Tuliishi juu, kwenye nyumba yake ya zamani huko Ndia Kuu, katika mji wa kale. Athmani alikuwa akishona kanzu pale chini mlangoni. Mwanga wa ndani haukumtosha, kwa hivyo cherehani alikuwa akiiweka barazani, chini ya roshani ya mbao. Alikuwa na mkono safi wa kudarizi, wateja wakimfuata kutoka hata Kizingo.

Basi ikaanza kumdondokea unga wa mbao. Mchwa! Ikawa hakunji kanzu ya mtu mpaka aikung'ute kwanza. Akamwambia Ami, na mimi nilikuwapo akimwambia, si mara moja. Ami akasema ataleta seremala baada ya Idi. Idi ikapita... ikaja nyingine, nayo ikapita. Athmani hakutaka kumkumbusha tena. Alisema si adabu kumsukuma mzee aliyekulea.

Siku yenyewe nilikuwa jikoni nakuna nazi. Nikasikia kishindo, kisha kimya, kisha kelele za watu barabarani. Nilishuka bila buibui, kanga tu kichwani. Wanaume walikuwa wakiondoa mbao. Niliuona mkono wake, bado umeshika kitambaa cheupe... Jamani, hapo naomba nipite.

Mtego wangu ulianza saa hiyo hiyo, na niliuingia kwa miguu yangu mwenyewe.

Bi Maryamu, mkewe Ami, alinipandisha juu, akanikalisha kitandani. Akaniambia askari watakuja, na wakisikia kwamba ni nyumba iliyoanguka, maiti itapelekwa hospitali na maziko yatakawia. "Wataka mumeo akapasuliwe kama samaki?" aliniuliza. Nikasema sitaki. Nani angetaka? Akaniambia basi nikiulizwa niseme ameteleza ngazini.

Askari akaja, akaniuliza kwa upole. Nikamwambia mume wangu ameteleza ngazini. Kwa ulimi wangu huu! Mbao zilikuwa zimeshaingizwa uani, baraza imemwagiwa maji. Kama alitazama juu, hakusema kitu. Aliandika, akanipa pole, akaenda zake. Athmani akazikwa kabla ya magharibi, mwili wake haukuguswa na kisu, na mimi nikaona nimemtendea wema wa mwisho.

Siku ya tatu ikasomwa hitima. Mimi nilikuwa chumbani na wanawake, pazia limeteremshwa mlangoni. Ami alikuja na wazee akasimama upande wa pili. Nilimsikia akilia. Mzee mzima, analia mpaka anakwama! Akasema, "Mwanangu, nisamehe. Mimi ndiye niliyechelewa."

Nyumba nzima ikawa inanisikiliza mimi. Na kweli nilimwonea huruma, wallahi. Nikasema, "Nimekusamehe, Ami. Duniani na akhera."

Wazee wakamshukuru Mungu. Bi Maryamu akanibusu kichwa, akasema mimi ni mwanamke wa heshima. Ikaletwa sahani ya pilau, nikala matonge mawili matatu. Ilinuka moshi. Nikadhani ni pua yangu tu, kwa kilio.

Nikakaa eda. Nguo nyeupe, kuta nne, sitoki. Ami hakunitupa. Asubuhi mahamri na mbaazi, adhuhuri wali, kila siku ya Mungu chakula kinapanda ngazi. Nikawa nasikia nyundo chini. Roshani mpya! Seremala aliyeshindikana Idi zote zile, sasa kapatikana. Cherehani ya Athmani ikaletwa juu, na baraza yake akapangishwa muuza vinyago.

Eda ikaisha, nikadhani nimefunguliwa. Kumbe! Karo ya binti yangu Nasra na mdogo wake nikawa naifuata kwa Ami. Hakunikatalia hata siku moja. Lakini alinipa mbele ya watu, na nasaha juu yake, nijibane, wakati mgumu, nisiwazoeshe watoto vitu. Nilishukuru kila mara. Mdomo wangu ulichoka kushukuru.

Miaka miwili ikaenda hivyo, kisha ikaja Idi. Ami hutoa sadaka ya nguo kwa mafukara wa mtaa, wanapanga foleni mlangoni pake. Mwaka ule alituma mtu kuniita nishuke na watoto. Nikapanga foleni. Jamani... nilisimama pale pale alipofia baba yao, wanangu mkononi, nangoja kupewa kitambaa! Nasra akaniuliza kwa nini sisi tumekuwa maskini wa Ami. Foleni ikasogea, nami nikasogea nao.

Aliyenifumbua macho ni Bi Rehema, mpishi wa harusi na hitima wa mtaa wetu. Alikuja kukunjiwa pindo za leso, maana sasa nilikuwa nikishona kwa cherehani ya marehemu. Nikamlilia habari ya foleni ile. Akaziweka leso chini, akasema, "Mwanangu, ile pilau ya hitima niliipikia mbao zile zile za roshani. Mzee aliniambia nizitie zote motoni. Zilikuwa unga mtupu, mchwa kazimaliza. Zilishika moto kwa taabu, zikatoa moshi mwingi."

Moshi! Kumbe pua yangu haikunidanganya. Mbao zilizomuua mume wangu zimechemsha chakula cha matanga yake, na mimi nikakila, nikasema alhamdulillahi.

Nilijitanda buibui nikaenda Mwembe Tayari. Kule, juu ya hoteli moja, mabasi ya bara yakipiga honi chini, kuna wakili mwanamke ambaye Bi Rehema alimsikia akisifiwa. Mkristo, mtu wa bara. Nilidhani hatanielewa. Nilimweleza kuwa nimekwisha samehe mbele ya wazee, na kurudi nyuma ni aibu. Akaniuliza watoto wana umri gani. Nikamwambia. Akasema, "Wewe ulisamehe fungu lako. Fungu la watoto ulilisamehe kwa ruhusa ya nani?"

Nilirudi na swali hilo njia nzima. Nikampigia simu sheikh mmoja bila kutaja jina langu. Naye akaniambia hivyo hivyo, haki ya yatima haisamehewi na mtu mwingine, hata mama. Akaongeza kwamba aliye edani huruhusiwa kutoka mchana kwa jambo la lazima. Na mimi nilijifungia, mbao zinageuka jivu!

Lakini wakili hakunificha. Alisema mtu akifa kwa uzembe wa mwenye nyumba, sheria inawapa wanawe haki ya kudai fidia, ila dai lina muda wake, na wangu ulikuwa umebaki kidogo. Tena shahidi mbaya kuliko wote katika kesi hii ni mimi. Polisi wana maneno yangu kwamba Athmani aliteleza. Itabidi nisimame mahakamani niseme nilidanganya.

Nikatafuta mashahidi. Wale waliobeba mbao barabarani, ambao niliwaona kwa macho yangu, sasa hakuna aliyeona kitu! Wote ni majirani wa Ami, wote walikula ile pilau. Bi Rehema peke yake aliniambia akiulizwa atasema, asipoulizwa hatasema. Simlaumu. Kazi yake ni harusi za watu hao hao.

Mnaniona nilivyobanwa? Nikidai, nitalala wapi na watoto? Nisipodai, watakua wakipanga foleni.

Sikutaka Ami asikie kutoka kwa mtu mwingine. Nilishuka nikamkuta sebuleni. Nikamwambia, "Ami, mimi nimekusamehe na msamaha wangu uko pale pale. Lakini wanangu hawajakusamehe. Kesho napeleka dai lao mahakamani."

Aliweka chini tasbihi iliyokuwa mkononi mwake. Kisha akauliza taratibu, "Athmani angenifanyia hivi?"

"Athmani alinyamaza, Ami," nikamjibu.

Nilingoja anifukuze. Wallahi nilitamani anifukuze, nimchukie nipumue! Alisema, "Kaeni. Siwezi kuwatoa watoto wa Athmani." Akafuta macho kwa ncha ya shuka aliyojitupia begani.

Basi bado tupo hapa. Kesi iko mahakamani na huenda tukashindwa. Bi Maryamu hanisemeshi. Nikipita Ndia Kuu, wanawake walioniita mwanamke wa heshima wanageuza uso, wananiita asiye na shukrani. Siku yangu ya kusema kwamba nilidanganya inakuja, na naiogopa kuliko kaburi.

Wenzangu mnaosoma, hasa nyinyi wanawake, nawaomba. Mkifiwa, lieni, zikeni, someni hitima. Lakini askari akiuliza, semeni kilichotokea, hata kama maziko yatachelewa. Na mtu akija kuwaomba msamaha wakati machozi hayajakauka, mwambieni mmemsikia, mtamjibu. Kwanza tazameni nyuma yenu, muone ni nani mwingine aliyedhulumiwa ambaye hajui bado kusema.

Adhuhuri imefika. Chakula cha Ami kinapanda ngazi kama kawaida. Watoto wana njaa, watakula. Mimi nitakinusa kwanza.