Anwani ya Mtaa Mzima

Tangu asubuhi fundi wa madawati alikuwa akisukuma randa kwa hasira. Mtaani walimwita Mama Randa. Wiki mbili zilikuwa zimepita tangu aombe kazi ya madawati ya shule, bila neno kutoka ofisi ya elimu. Na dawati lake la mfano walilisifu wenyewe! Walihitaji madawati mia mbili. Bila kazi hiyo, angefunga karakana.

"Mama, si uende ukawaulize?" binti yake alisema.

Akavua aproni, akaenda.

Karani alimgeuzia kompyuta. "Tulikuandikia, mama. Ulipewa siku tano za kukubali kazi. Hukujibu. Amepewa mwingine."

"Mliniandikia wapi? Mbona simu yangu haijalia?"

"Kwenye barua pepe iliyo katika fomu yako. Hii hapa."

Mama Randa aliisoma herufi moja moja. Damu ikamchemka. Ilikuwa anwani ya duka la fotokopi, alikojaziwa fomu.

Alimkuta mwenye duka anakunywa chai.

"Barua yangu iko wapi?"

Mwenye duka alifungua kompyuta. Lo! Barua elfu tatu hazijasomwa. Kulikuwa na za muuza nyama, za mshonaji, za mwenye saluni.

"Watu wote hawa unawawekea anwani yako?"

"Wewe mwenyewe si uliniambia, 'Weka yoyote, bora fomu iende'?"

Maneno hayo yalimuuma kuliko yote, maana ni kweli aliyasema.

"Na wewe ukanyamaza! Barua za watu zinaoza humu, wewe na chai yako! Huna haya?"

Karibu na nyumbani, jirani yake, mzee aliyestaafu kazi ya posta, alimwona anavyotembea.

"Mwanangu, unakwenda kumpiga nani?"

"Yeyote nitakayemkuta, mzee!"

Akamweleza yote. Mzee akatikisa kichwa.

"Sanduku lako la barua ungempa mtu mwingine, na ufunguo abaki nao?"

"Kwani nina wazimu?"

"Basi barua pepe ndiyo sanduku lako. Neno la siri ndilo ufunguo. Siku hizi serikali na wateja wanaandika huko. Fungua yako kwenye simu yako. Ni bure."

Wakaketi barazani. Mzee alimwonyesha hatua moja baada ya nyingine. Walipofika kwenye neno la siri, mzee aligeukia ukuta.

"Andika. Hata mimi usiniambie."

Kesho yake Mama Randa alirudi ofisini, akamsimamia karani mpaka anwani ikabadilishwa. Kila asubuhi, kabla ya kushika msumeno, alifungua barua zake.

Baada ya miezi mitatu ikaingia barua moja ya kazi. Zahanati, iliyopata anwani yake kwa yule karani, ilitaka mabenchi arobaini. Alipewa siku tano za kujibu. Alijibu palepale, kidole kimejaa gundi.

Lakini hasira haikuisha. Hata leo akipita shuleni, akiona madawati ya yule mwingine, anasonya.

Siku moja mwenye fotokopi alikuja karakanani, anachekacheka.

"Hongera, mama! Nipe hilo neno la siri nikuwekee kwenye daftari langu, usije ukalisahau."

"Ukome! Toka hapa!"

Alipotoka, alipishana mlangoni na muuza nyama na mshonaji. Kila mmoja alikuwa na simu mkononi.

"Mama Randa," muuza nyama alisema, "hebu tuonyeshe na sisi."

Mama Randa akafuta vumbi kwenye benchi la kwanza la zahanati.

"Kaeni," alisema. "Na tukifika kwenye neno la siri, kila mtu afiche simu yake."