Povu la Ndoo ya Nyanya

Kila asubuhi kabla ya kwenda shuleni, Celestine alimwaga ndoo ya nyanya yake. Miguu ya Nyanya Mong'ina ilikuwa mizito na choo kilikuwa mbali, chini ya migomba, kwa hiyo usiku alikojoa ndooni. Siku hizo mkojo wake ulikuwa na povu jeupe. Celestine alilitazama, akalimwaga, akakimbia shuleni Magwagwa.

Juma hilo Mwalimu Obwocha alifundisha kuhusu povu. Alitia maji matupu katika chupa moja na maji yenye ute wa yai katika nyingine, kisha akazitikisa. Povu la maji lilitoweka papo hapo. La ute lilibaki, viputo vimebanana kama vyumba vyenye kuta nyembamba. Mwalimu alieleza kwamba maji ya kuta hizo hutiririka chini, kuta zikakonda, kiputo kikapasuka. Protini ya yai huzishikilia kuta zisipasuke upesi.

Celestine aliinua mkono. "Mwalimu, na mkojo wenye povu lisiloisha?"

Wenzake walicheka. Mwalimu hakucheka. "Likitokea mara moja, si neno. Likiwapo kila siku, huenda figo zinavujisha protini. Mtu huyo apimwe."

Jioni Celestine alimweleza nyanya maneno ya mwalimu. Nyanya alikasirika, akamkataza kumwambia yeyote habari za mkojo wake. Celestine aliogopa kumwaibisha, akanyamaza. Kila mara mama yake alipouliza nyanya ameamkaje, Celestine alijibu kwamba ameamka vizuri.

Majani chai yalichumwa, yakachipuka, yakachumwa tena. Miguu ya nyanya ilivimba, kisha uso. Siku moja alishindwa kupumua akiwa amelala, ndipo mama akaomba gari la jirani wakaenda hospitali.

Daktari alisema ni kisukari cha muda mrefu. Dawa zingepunguza uvimbe, lakini figo zilikuwa zimeharibika na hazingerudi kama zamani. Mama aliketi kwenye benchi akajishika kichwa. Celestine akamweleza yote: povu, somo, katazo la nyanya. Mama hakumgombeza. Alimtazama tu, na hilo lilimuuma zaidi.

Muuguzi Linet aliyewasikia alimwambia Celestine kwamba si yeye aliyeleta ugonjwa. Kisha akampima mama pia. Shinikizo lake la damu lilikuwa juu, ila figo zake zilikuwa bado nzima. Mama akapewa vidonge vya kumeza kila siku, shinikizo lisije likaziharibu figo hizo.

Nyanya alirudi nyumbani akiwa amepungua sana. Hakwenda tena shambani wala kanisani, na kila mtu pale nyumbani alijua hatapona. Siku moja mama aliposema amechoka kumeza vidonge, nyanya alimwita akae karibu, akamwita na Celestine.

"Mimi niliona aibu," alisema polepole, "na aibu hiyo ndiyo inayonimaliza. Wewe meza dawa. Na wewe mjukuu wangu, ukiona dalili ya ugonjwa kwa mtu, sema. Hata kama ni mimi ninayekukataza, sema."

Mama akachukua kikombe cha maji, akameza.